Katika Kitu Kilichonunuliwa kwa Mtu Asiyejulikana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharimisha dhulma. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Limekuwa ni jambo la kila siku katika miji ya mwambao, toka Lamu hata Mtwara, mtu kununua kitu kwa mtu asiyemjua jina wala nyumba. Kitu huonyeshwa kwa picha katika mtandao, na bei yake imeandikwa chini. Watu huandikiana maneno mawili matatu, na fedha hupelekwa kwa simu, kama ilivyozoewa tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Hayo kwa dhati yake si haramu. Neno linalotaka kutazamwa ni hili: kitu kikisha kufika mkononi na fedha zikisha kutoka, kisha moyo wa mnunuzi ukaingiwa na shaka kwamba kitu kile kilipatikana kwa wizi au kwa hadaa, je, ni chake? Na kama si chake, afanye nini nacho?

Upigwe mfano, kama wapigavyo wanavyuoni katika vitabu vya fiqhi, kwa majina ya Zaid na Amru. Zaid ni mchukuzi wa mizigo wa Mombasa, mtu wa sala tano, na ana mtoto wa kike aliyeambiwa shuleni kwamba masomo mengine yatapelekwa kwa simu. Akaweka akiba miezi mitano. Akaona katika soko la mtandao simu ambayo madukani huuzwa shilingi 30,000, nayo yauzwa 14,000. Akamwandikia mwuzaji, naye akamjibu upesi, ila hakutaka kukutana naye dukani wala nyumbani. Alimwambia aje kivukoni Likoni baada ya Magharibi. Alipofika hakumkuta mwuzaji, bali alikuta kijana aliyetumwa, na simu imo katika mfuko mweusi, haina sanduku wala waya wa kuitilia moto. Zaid akaishika, akaiwasha, akaipenda. (Wala hapa hapana maneno ya kuuza kitu kisichoonekana, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafii yana hukumu yake, Zaid alikiona kitu kabla ya kufunga biashara.) Alipopeleka fedha, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, na mwuzaji alikuwa amejiita kwa jina la mwanamume. Zaid akaliona jina lile, akabonyeza.

Siku ya tatu simu ikajifunga, ikataka neno la siri la akaunti yenye jina la mtu mwingine, si la yule mwanamume wala la yule mwanamke. Zaid akamwandikia mwuzaji. Hakujibiwa. Kulipokucha ukurasa wa mwuzaji ulikuwa umeondoka, kama kwamba hapajapata kuwa na mtu. Jirani yake akamwambia, "Ndugu yangu, hili si la kukukosesha usingizi. Ipeleke kwa fundi, umpe shilingi 1,000, ataifuta yote, itakuwa mpya."

Watu wa barazani wakisikia kisa kama hiki hujibu kwa majibu mawili. Wako wasemao kwamba Zaid hakuiba, amenunua kwa jasho lake, na dhambi iko shingoni mwa mwizi. Na wako wasemao kwamba kila kinachotoka katika mtandao ni haramu, na mwenye dini hakikaribii. Majibu yote mawili ni ya mtu asiyetaka kujitaabisha. La kwanza limeisahau haki ya mwenye mali, na la pili limeharimisha kilichohalalishwa, na kuharimisha bila ya ilimu si ucha Mungu.

Asili katika sharia ni kwamba kitu kilicho mkononi mwa mtu ni chake, mpaka idhihiri dalili ya kuwa si chake. Lau si asili hii, hapana ambaye angeweza kununua hata fungu la mchicha Kongowea, kwani hapana mwuzaji ambaye haiyamkiniki kuwa mwizi. Ndiyo maana Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, katika mlango wa halali na haramu wa kitabu chake Ihya, amemkemea mtu anayeacha kuwinda paa kwa kuogopa kwamba huenda paa yule alikuwa na mwenyewe akamtoroka. Huo si wara'i, ni wasiwasi. Na wasiwasi humchosha mtu katika mambo asiyotakiwa, hata asibakiwe na nguvu ya yale anayotakiwa.

Lakini Imamu huyo huyo hakuishia hapo. Amewagawanya wenye mali mafungu matatu. Wa kwanza ni mtu asiyejulikana, ambaye hana alama ya wema wala ya ubaya, kama mgeni anayeingia mji asioujua akanunua mkate. Huyo hununuliwa, wala si wajibu kumwuliza mkate ameutoa wapi. Wa pili ni mwenye kutiliwa shaka, nayo ni shaka yenye sababu, ambayo alama yake iko katika hali yake au katika kitendo chake. Wa tatu ni mtu ambaye hali yake imekwisha kujulikana, kwa wema au kwa ubaya. Akafundisha kwamba kumwuliza Mwislamu wa fungu la kwanza ni kumwudhi na kumdhania vibaya, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, ameamrisha kujiepusha na dhana nyingi. Ama wa fungu la pili, mambo yake hayaachwi yapite hivi hivi.

Hapa ndipo penye fundo la jambo hili. Mnunuzi wa mtandao hupenda kusema kwamba mwuzaji wake ni mtu asiyejulikana, na asiyejulikana haulizwi. Naye amekosa kupima. Mgeni yule wa mkate hamjui mwuzaji, lakini mji unamjua. Duka lina mlango, na mlango una jirani. Mwuzaji ana uso ambao kesho utaonekana pale pale, na akiuza kitu cha wizi mwenyewe aweza kupita njiani akakitambua. Ule mkono wenye kukishika kitu hadharani mbele ya watu ndio unaoshuhudia kwamba kitu ni chake, na kwa ushahidi huo mnunuzi hupumzika. Mwuzaji wa mtandao aliyejipa jina jana, akaja kwa mjumbe gizani, na akafuta ukurasa wake kesho, mkono wake haukusimama mbele ya mtu yeyote. Haisemwi kwamba ni mwizi. Yasemwa kwamba ule ushahidi wa mkono, ambao sokoni una nguvu, kwake yeye umekuwa dhaifu sana, na kitu kidogo tu chatosha kuuangusha.

Na kwa Zaid havikuwa vitu vidogo. Bei ilikuwa chini ya nusu, na mahali na saa vilichaguliwa na mtu asiyetaka kuonekana. Jina lililopokea fedha halikuwa jina la mwuzaji, nalo lilitokea mbele ya macho yake kabla fedha hazijatoka. Kila moja peke yake yaweza kuwa na udhuru: mtu mwenye dhiki huuza kwa bei ya chini, na mume aweza kupokelea fedha katika simu ya mkewe. Hata kule kujifunga kwa simu kwaweza kuwa na udhuru, kwani mtu mwema aweza kuuza simu yake akasahau kuitoa akaunti. Lakini mwema akiambiwa, huja akaifungua kwa dakika moja, wala hafuti jina lake akatoweka. Zikikusanyika alama hizi zote, hiyo si dhana mbaya aliyoikataza Mwenyezi Mungu. Hiyo ni dhana yenye nguvu, na katika hukumu nyingi za fiqhi dhana yenye nguvu hushika mahali pa ujuzi.

Yafaa kutazama khasa ile saa ya kubonyeza. Zaid aliliona jina, na moyo wake ulimwambia neno. Alinyamaza, kwa sababu alijua kwamba akiuliza huenda biashara ikavunjika, na 14,000 ndizo alizokuwa nazo. Watu husema "sikujua", na wengi wasemao hivyo wasema kweli. Lakini kuna kutokujua ambako mtu amekukuta, na kuna kutokujua ambako mtu amekununua pamoja na bidhaa. Huku kwa pili si udhuru kamili. Na ni ajabu kwamba hata sheria ya serikali imeliona hili: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 322, haimwadhibu yule tu anayepokea mali ya wizi hali ya kujua, bali na yule aliyekuwa na sababu ya kuamini hivyo, na adhabu yake yafika kifungo cha miaka 14.

Mtume (S.A.W.) alipita njiani akaona tende moja imeanguka, akaeleza kwamba lau si kuogopa kuwa ni ya sadaka angaliila. Wamepokea Bukhari na Muslim kwa Anas. Na sadaka ilikuwa haramu kwake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), ameiweka katika Hadithi zake Arubaini ile aliyoipokea Hasan bin Ali, ya kuacha linalotia shaka na kuliendea lisilotia shaka. Lakini iliyo karibu zaidi na kisa cha Zaid ni khabari ya Abu Bakr Siddiq, aliyoipokea Bukhari kwa Bibi Aisha. Mtumwa wake alimletea chakula, naye akala. Kisha mtumwa akamwuliza kama ajua chakula kile kimetoka wapi, akamweleza kwamba zamani za ujahili alimpigia mtu ramli, naye hakuijua ramli bali alimhadaa tu, na mtu yule amekutana naye leo akampa ujira wake. Abu Bakr akatia kidole kinywani akatapika vyote vilivyokuwamo tumboni.

Watu huisoma khabari hii kwa kustaajabia ucha Mungu wake, nayo yastahili kustaajabiwa. Ila kuna jambo ndani yake lisilotajwa sana. Abu Bakr hakuhadaa mtu. Alikula bila ya kujua, na dhambi ya kula ilikuwa haipo juu yake. Hata hivyo hakusema kwamba hadaa ni ya mtumwa na chakula ni changu. Alipojua, kile kilichokuwa tumboni hakikuwa tena chakula chake, ingawa kilikuwa kimekwisha kumezwa. Na simu ya Zaid haijamezwa.

Basi hukumu yake ni ipi? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mikono yote inayofuata mkono wa mnyang'anyi ni mikono ya dhamana, mwenye mkono akijua au asijue. Kutojua kwamwondolea mtu dhambi, hakumwondolei dhamana. Mwizi hana milki katika alichokiiba, na asiye na milki hawezi kumpa mwenziwe milki. Biashara ile tangu asili yake ni batili. Kitu ni cha mwenyewe, kikitoka kwa mikono miwili au kwa mikono kumi, na hadithi ya Samura bin Jundub, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, yaeleza kwamba mkono wadhamini ulichokichukua mpaka ukirejeshe. Kikiharibika mkononi mwa Zaid, Zaid atakilipa. Na fedha zake 14,000 ni deni juu ya yule aliyemwuzia, atamdai akimpata duniani, na asipompata, deni halifi.

Ni hukumu nzito kwa mtu maskini, wala si haki kuifanya nyepesi kwa maneno. Zaid naye amedhulumiwa. Lakini dhulma aliyofanyiwa yeye haiwi ruhusa ya kuipitisha kwa mwingine, na huko kupeleka simu kwa fundi ndiko kuipitisha. Kuifuta simu si kuitengeneza, ni kuondoa alama ambayo kwayo mwenyewe angeijua mali yake. Mfano wake ni mtu aliyekuta ng'ombe wa watu ana chapa akaichoma chapa ile ili asijulikane. Kabla ya hapo Zaid alikuwa mnunuzi aliyehadaiwa. Akisha kuifuta hali ya kujua, ameingia yeye mwenyewe katika jambo lile. Na fundi anayefuta simu kumi kwa siku pasipo kuuliza, ujira wake nao una maneno. Ama jirani aliyetoa shauri lile, lau angalitoa shilingi 1,000 hizo katika mchango wa kumnunulia mtoto simu nyingine angalikuwa amefanya ujirani. Na Zaid, ikiwa ni fakiri, hapana kizuizi cha kupewa katika zaka.

Wako wenye kudhani kwamba kitu hiki ni kama kilichookotwa, wakamwambia akitangaze mwaka mmoja kisha akimiliki. Wamechanganya milango miwili. Kilichookotwa kimepotea kwa mwenyewe na mwokotaji amekikuta. Sharia imempa njia ya kukimiliki baada ya kukitangaza. Kilichotoka mkononi mwa mwizi hakimilikiwi kwa mwaka wala kwa miaka. Kirejeshwe kwa mwenyewe, asipojulikana, kitafutiwe, na ikiwa matumaini ya kumpata yamekatika kabisa, kitolewe katika maslaha ya Waislamu au kwa mafakiri, kama alivyoeleza Ghazali na Nawawi akamnukuu katika Majmu'. Wala mtoaji asijihesabu kwamba ametoa sadaka yake. Amejitoa katika dhamana tu.

Kwa Zaid bado matumaini hayajakatika. Simu ina jina la mtu juu ya kioo chake. Tena kila simu ina nambari yake yenye tarakimu 15, huonekana kwa kupiga *#06#, na nambari hiyo hiyo imeandikwa juu ya sanduku lililobaki nyumbani kwa mwenyewe. Akija mtu kuidai, kumjua si kazi: alete nambari, na aifungue kwa neno lake la siri.

Angetamani mtu kumpeleka Zaid kwa Kadhi, lakini Kadhi wa Kenya, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, hana hukumu ila katika ndoa, talaka, mirathi na hali za watu, kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Mambo ya mali ya wizi yako polisi, na hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma, wakihofu kwamba aendaye na kitu cha wizi kituoni huenda akageuzwa yeye mwizi. Hofu hii si ya kuchekwa. Lakini dawa yake ni kujitayarisha, si kuficha: aende mchana, pamoja na watu wawili waadilifu wanaojulikana, achukue maandiko yote aliyoandikiana na mwuzaji, na ujumbe wa fedha wenye jina na saa, naye aombe nambari ya OB iandikwe na apewe. Anayekwenda mwenyewe na ushahidi wake si sawa na anayekutwa nacho. Kadiri anavyokawia, ndivyo ushahidi unavyozidi kumgeukia.

Imebaki sura ya pili, ambayo ina utata zaidi, nayo imeenea. Amru atangaza simu yake katika mtandao. Anakuja mtu, wanakubaliana bei, na Amru anaona katika simu yake ujumbe kwamba fedha zimeingia. Anatoa mali yake kwa mkono wake. Kesho anatazama hesabu yake, hamna kitu: ujumbe ule ulikuwa wa uongo. Mali imekwisha kuuzwa kwa Zaid. Hapa Amru hakuibiwa usiku. Aliuza kwa kauli yake. Kwa hivyo wanavyuoni hawaiweki sura hii sawasawa na ya kwanza. Ikiwa biashara ilifungwa kwa bei iliyo katika dhima, bei ile ni deni shingoni mwa mhadaa, na hadaa peke yake haibatilishi kila biashara, bali humpa aliyehadaiwa haki zake. Lakini Amru alikuwa na haki ya kukizuia kitu chake mpaka alipwe, naye hakuiacha haki hiyo kwa ridhaa, aliiacha kwa uongo aliopigwa, na ridhaa ndiyo nguzo iliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29. Zaid akiwa hajui wala hana alama, hana lawama. Akijua, au alama zikikusanyika kama zilivyokusanyika, haimfalii kukaa kimya na kustarehe kwa sababu ya tofauti iliyomo vitabuni. Amfikishie Amru khabari, ampe jina na nambari iliyopokea fedha, na amshuhudie. Kisha kisa chao kitazamwe na mwenye ilimu kwa sura yake, kwani mara nyingi mhadaa hutumia jina la mtu mwingine, au hununua kwa mali ya mtu mwingine, na hukumu ikageuka.

Wala asijidanganye mtu kwamba jina lililo juu ya kioo si jina la Kiislamu, kwa hivyo jambo ni jepesi. Mtu anayekaa na watu kwa amani, mali yake ina heshima, na haki ya asiyekuwa Mwislamu Siku ya Kiyama ni nzito zaidi, kwani mwenyewe haijulikani atalipwa nini hata aridhike.

Simu ikisha kumfikia mwenyewe, naye ikiwa ni mtu muungwana, yamkini akamwambia Zaid, "Nimekwisha kununua nyingine, hii ibaki kwako, nipe kiasi fulani." Hilo ni jema, na hiyo ni biashara mpya: simu itakuwa halali ya Zaid toka saa ile, si toka usiku wa kivukoni. Zimebaki zile siku alizoitumia kabla haijajifunga, kwani katika madhehebu ya Shafii manufaa ya kitu hudhaminiwa kama kitu chenyewe. Mwenyewe akiusamehe ujira wa siku hizo, ni hisani yake. Na akiutaka, ni haki yake.

Wallahu aalamu.